Msamaha wa miaka miwili ya J-1: barua ya ubalozi

Ndugu, umeuliza kuhusu kuomba msamaha wa sharti la J-1 (viza ya Marekani ya programu za kubadilishana) la kurudi kwenu miaka miwili. Ubalozi wa nchi yako kukataa kukukabidhi barua ya kutokuwa na pingamizi, yaani ya kusema nchi yako haipingi usamehewe, si kukuzungusha, ndio utaratibu wenyewe. Inatoka kwao Washington moja kwa moja hadi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani; ukiituma mwenyewe haihesabiki.

Wewe anza na fomu DS-3035, ya kuomba msamaha huo, mtandaoni. Ukimaliza inakupa namba ya kesi na kurasa zenye msimbo pau. Zichapishe, tuma kwa posta pamoja na malipo na nakala za DS-2019 zako zote (hati za programu yako ya J-1), hata ile ya mwaka wa kwanza iliyokunjamana. Namba hiyo iandike kwenye kila karatasi.

Fomu I-612 uliyoambiwa ujaze achana nayo, hiyo ni ya mwombaji mwenye mke, mume au mtoto raia au mwenye grinikadi atakayetaabika sana, au anayehofia kuteswa akirudi kwao. Kwako wewe wa njia ya ubalozi, Wizara ikipendekeza usamehewe, faili linahamia lenyewe USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani.

Halafu muda wa DS-2019 uongezwe kabla pendekezo halijatoka. Likishatoka hawaongezi. Ila kama ulikuja kwa mafunzo ya udaktari hospitalini, njia ya ubalozi haikuhusu kabisa.