Fomu kufutika simu ikigeuzwa, na muonekano kuharibika kwenye tableti

Mkuu, simu ikigeuzwa Android huiua Activity (ukurasa wa programu unaoonekana) na kuiunda upya ili ipakie mpangilio wa upande mpya. Kabla ya yote angalia kama kila EditText (kisanduku cha kuandikia) ina android:id (jina lake la utambulisho). Isiyo nayo, mfumo hauwezi kuirudishia maandishi. Orodha na hesabu nyingine ziweke kwenye ViewModel (sehemu ya kutunzia data ya ukurasa), ambayo hubaki salama simu ikigeuzwa. Lakini simu ikiishiwa kumbukumbu na programu nzima ikauawa, ViewModel nayo huenda, hivyo vitu vidogo kama namba ya oda vihifadhi kwa SavedStateHandle (hifadhi ndogo ambayo mfumo huirudisha programu ikifunguliwa tena). Picha usitie humo kabisa: data ikikaribia MB 1, programu inaanguka kwa TransactionTooLargeException (kosa la data kuwa kubwa mno).

Ushauri utakaoukuta wa kuweka configChanges="orientation|screenSize", yaani kuiambia Android isiiunde upya Activity simu ikigeuzwa, unaficha tatizo tu. Mtumiaji akibadili lugha ya simu, linarudi.

Kwa tableti, tengeneza mpangilio wa pili ndani ya res/layout-sw600dp (folda ya skrini za kuanzia 600dp), vipimo kwa dp (kipimo kisichobadilika na wingi wa nukta za skrini), herufi kwa sp (kama dp, ila hufuata ukubwa wa herufi aliouchagua mtumiaji). Na usitegemee kufunga upande kwa screenOrientation: ukilenga API 36 (namba ya toleo la Android 16), Android 16 huipuuza kwenye skrini za kuanzia 600dp, isipokuwa kwa magemu.