Kuandika mwitikio wako kwa vitabu vya Wamarekani wa karne ya 19: mi nilivyopitia

Mleta uzi asante kwa kuuliza, maana hiki kitu mi kilinitesa semista nzima. Umesema uko mwaka wa pili, mna kozi ya fasihi ya Marekani ya karne ya 19, kila wiki lekchara anataka kurasa mbili za mwitikio wako mwenyewe na hujui uandike nini kwasababu wale watu ni wa zamani, wa mbali, na Kiingereza chao kigumu. Ukauliza pia kama inaruhusiwa kuandika "mimi". Ntakujibu kwa yaliyonikuta.

Asainimenti yangu ya kwanza ilikua Moby-Dick ya Herman Melville. Kimetoka 1851, kina sura 135, na katikati ya stori jamaa anaacha kila kitu anaanza kukueleza aina za nyangumi na namna mafuta yake yanavyotolewa. Sikukimaliza. Nikachukua desa steshenari nikaandika muhtasari: nahodha Ahab kapoteza mguu, anamsaka nyangumi mweupe, meli inazama, anapona mmoja. Nikapata 7 kati ya 20, pembeni kaniandikia "hadithi naijua, nataka kujua ilikufanya nini". Niliumia sana maana nilikesha, ila ukweli haikunifanya chochote, sikua nimeisoma.

Wiki iliyofuata akaja Harriet Jacobs. Huyu mama alikua mtumwa Edenton, North Carolina, bwana wake alimtaka kimwili tangu akiwa binti mdogo, basi akatoroka akajificha kwenye nyumba ya bibi yake, kwenye upenyo wa darini juu ya kibanda cha pembeni, karibu miaka saba. Kitabu alikitoa 1861 kwa jina la kubuni, Linda Brent. Ndani yake anataja vipimo: urefu futi 9, upana 7, kwenda juu futi 3 pale palipoinuka zaidi, kwingine paa linashuka tu. Mi nikasoma nikapita, futi 9 kwa 7 nikaona mbona panatosha kulala. Usiku ile futi 3 ikawa inanirudia. Mwenzangu wa chumbani alikua anashona nguo, nikaazima tepu yake, nikachora sakafuni kwa chaki 9 kwa 7, alafu nikapima futi 3 ukutani. Ikafika juu kidogo ya meza yetu ya kusomea. Nikaingia chini ya meza na kitabu nikaendelea kusoma humo humo, na ndo nikafika pale anaposema aliweza kulala ubavu mmoja tu, akigeukia ubavu wa pili anagonga paa, na panya wanampitia juu ya kitanda.

Baadae akakuta keekee ndogo imesahaulika humo darini, akatoboa vitundu ili awaone wanae wakicheza nje. Unajua mtu wa kwanza kumwona kwenye kale katundu ni nani? Ni yule yule bwana wake, anapita barabarani. Nilitoka chini ya meza pale pale nikaanza kuandika.

Ila kilichonishika zaidi ni yule bibi. Alikua ameshapata uhuru wake, anaoka biskuti anauza, mjini wanamheshimu, na miaka yote hiyo anasalimia watu, anahudumia wateja, na mjukuu wake yuko juu ya kibanda hapo hapo nyumbani. Mi nimelelewa na bibi yangu Tanga, alikua anauza vitumbua, nikamjua kabisa huyu mama, nikajua namna mtu anavyoweza kumwambia mteja "karibu mwanangu" huku moyo uko kwingine. Nikaandika hilo, sentensi moja ya bibi yangu alafu narudi kwenye kurasa: hapa bibi anafanya hivi, hapa anamsihi mjukuu asikimbie, hapa anakubali. Nikapata 15.

Nikavimba kichwa. Wiki ya tatu tukapewa The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne, ya 1850, ina utangulizi mrefu unaitwa Forodha maana jamaa alifanya kazi forodhani Salem, Massachusetts, 1846 mpaka 1849. Nikaona Salem nikashtuka, nilikua najua kwamba meli za Salem ndo zilikua zinakuja Unguja enzi za Seyyid Said, Marekani iliwekeana nae mkataba wa biashara 1833 na konsuli wao wa kwanza hapo kisiwani alikua mtu wa Salem. Walikua wanaleta kitambaa kutoka viwanda vya kwao, na sisi mpaka leo tunakiita merikani! Bibi alikua anashonea foronya. Basi nikajaza kurasa mbili za foronya za bibi, na pamba ya viwanda vile iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, nikampa Hawthorne mistari miwili mwishoni. Nilipata 9. Na lekchara alikua sahihi aisee, maana niliyoyaandika yote yalikua ya kweli ila ningeweza kuyaandika bila kufungua kitabu.

Nilipokisoma upya kwa kutulia nikakuta kitu. Hawthorne anataja meli zinazotoka Afrika, kwa kupita tu. Alafu anaeleza kwamba jina lake lilikua linapigwa kwa rangi nyeusi kwenye magunia ya pilipili na maboksi ya sigara kuonyesha ushuru umelipwa, na anawaza jinsi jina lake linavyosafiri hivyo. Yaani mtu amesimama mbele ya mzigo uliotoka mbali na anachokiona ni jina lake. Hapo ndo palikua pa kuanzia, na bibi na foronya zake angekuja baadae, aya moja inatosha.

Kwahiyo "mimi" inaruhusiwa, tena itumie, ila kila ukiiandika hakikisha ukurasa uko karibu, useme ni maneno gani yaliyokufanya uhisi hivyo. Na usijilazimishe kupenda. Moby-Dick nilikuja kukimaliza mwaka wa tatu na zile sura za nyangumi bado zinanichosha, siku hizi naandika hivyo hivyo na naeleza zinanichosha wapi.

Umesema wiki ijayo mnaanza na Frederick Douglass, yule aliyekua mtumwa akaandika maisha yake, kile kitabu cha 1845. Usipite haraka pale yuko Baltimore, bado mtoto, anawapa watoto wa kizungu maskini mkate ili wamfundishe kusoma. Na pale kwenye karakana ya meli, mafundi wanaandika herufi kwenye mbao kuonyesha kila ubao unakaa upande gani wa meli, L kushoto, S kulia, F mbele, A nyuma, na yeye anazinakili, ndo herufi nne za kwanza alizojua kuandika. Mi nilipita pale mbio kwasababu ilikua saa saba usiku na asainimenti inakusanywa asubuhi.