Kupiga au Kurusha? Mdogo Wangu, Usiache Hata Kimoja

Wiki hii kijana mmoja wa Pongwe ameniandikia. Anacheza kriketi shuleni, anapiga namba nne, yaani wa nne kuingia kupiga, na kurusha anarusha. Mwalimu wake kamwambia achague, maana mshika mbili moja humponyoka. Ananiuliza: kaka, niache kipi?

Mdogo wangu, usiache hata kimoja. Na kwa kuwa wengi mnaosoma hapa mnaota jezi ya taifa, jibu hili ni lenu nyote.

Mimi nimekulia Ngamiani. Kriketi tuliiona kwa Wahindi wa mjini, tukaanza kwa kuwaokotea mipira. Jioni tulicheza wenyewe kwa mpira wa tenisi tuliouzungushia utepe wa fundi umeme upande mmoja tu, upande wa pili tukauacha na manyoya yake. Mpira wa namna hiyo hupinda hewani, na kule Raskazone upepo ukivuma kutoka baharini unapinda mpaka mpigaji anababaika. Ndiko nilikojifunza kurusha. Kupiga nako nilijifunza palepale, kwa sababu zamu yangu ikifika mpira ni uleule na mimi najua mkono wa mrushaji unaficha nini. Nilipofika sekondari nilikuwa narusha ova ya kwanza, yaani mipira sita ya mwanzo, na kupiga namba tano. Katika rika langu hapa Tanga mjini hakuna aliyeniweza kwa vyote viwili. Waliokuwepo wanajua.

Kisha nikaitwa kambini Dar es Salaam. Msimamizi mmoja, simtaji, akasema mimi ni kiraka tu: wapigaji anao, warushaji anao. Kambi nzima akanitaka nirushe, gongo nisiliguse. Majina yaliposomwa, langu halikuwemo. Hadi leo linaniuma, na sitalisema kwa upole. Kijana anayejua kazi mbili ukimwondolea moja, usishangae akionekana wa kawaida.

Mtazameni Steve Tikolo wa Kenya. Mwaka 1996, kwenye Kombe la Dunia, Sri Lanka walifikisha mikimbio 398, ndiyo alama za kriketi, kule kwao Kandy. Kenya walishindwa, lakini Tikolo alipiga 96 peke yake. Siku chache kabla, kule Pune, India, Kenya hiyohiyo ilikuwa imewatoa West Indies wote kwa mikimbio 93. Mwaka 2003 akiwa nahodha aliifikisha Kenya nusu fainali, na siku ya kutolewa na India mjini Durban bado alipiga 56. Katika mechi zake za kimataifa za siku moja ana mikimbio zaidi ya 3,400 na wiketi zaidi ya 90, yaani wapigaji aliowatoa. Alirusha kasi ya wastani, akarusha na mipira ya kuzunguka. Alipogeukia ukocha aliwafundisha Uganda, na baadaye akaja kuifundisha timu yetu ya taifa. Mnadhani angewaambia nini wapigaji wetu kuhusu mrushaji, kama yeye mwenyewe hakuwahi kusimama upande ule?

Ukocha wangu umejengwa hapo. Mtoto akikosa mpira namwangalia mguu, kisha natazama mrushaji aliuachia mpira wapi. Kocha aliyekuwa mpigaji mtupu atamlaumu mpigaji, basi. Mazoezini kwangu kila anayerusha ova mbili anavaa pedi na kupiga ova mbili, tena dhidi ya yule aliyemtoa. Wanalalamika wiki ya kwanza, baadaye wanadai zamu zao.

Kwa hiyo wewe wa Pongwe, mwendee mwalimu, mpe shikamoo yake, umwombe akuache na vyote mpaka msimu uishe. Uwe na daftari. Andika kila mechi mikimbio uliyopata, ova ulizorusha, mikimbio uliyotoa na wiketi. Mwalimu anayeonyeshwa hesabu hubishana kidogo. Siku unayopiga vibaya, rusha kwa bidii. Siku unayopigwa, dai nafasi yako ya kupiga. Yote ni yaleyale ninayosema kila mara: usiache.

Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu mwaka 2025 kwenda Kombe la Dunia la umri huo, mara ya kwanza kwa Tanzania. Mlango umefunguka, na watoto wa Tanga lazima wapite. Makocha wenzangu wa hapa mjini, wa Muheza na Korogwe, acheni kumgawa mtoto wa miaka 13, huyu mpigaji, yule mrushaji. Mpaka afike 16, apige, arushe, adake. Najua mara nyingi tunawagawa kwa sababu magongo hayatoshi. Kama ni hilo, semeni tuazimane. Kwangu yapo manne yanayofaa watoto, na Jumatatu hadi Alhamisi hayatumiki.