Fungua Kichaka Kabla ya Kukiandika: Lantana, Mathenge na Moto wa Kaskazi

Ukifika Gede au pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke mwezi wa Februari, utaona lantana, kichaka vamizi, imechanua manjano na waridi, majani yake bado mabichi, nawe utashawishika kuandika kwenye daftari: haiwaki. Wapimaji wapya wengi wa hatari ya moto hukosea hapo. Kifunue kichaka kwa panga ubavuni, kisha ingiza mkono. Ndani ya koti hilo la kijani kuna vijiti vya kijivu vilivyokufa bila kuanguka, na majani makavu yamenaswa kati yake mpaka usawa wa kifua. Vunja kimoja. Kikikatika kwa mlio bila kupinda, kimeshakauka, na moto utaanzia humo.

Moto wa nyasi peke yake hupita chini, ukaunguza magome na kwenda zake. Moto huo ukikuta lantana chini ya mti wa mrihi, hupata ngazi ya kupandia. Kwa hiyo usipime urefu wa kichaka tu; pima pia nafasi kati ya ncha yake na tawi la chini kabisa la mti. Kichaka cha mita mbili chini ya tawi la mita mbili na nusu kinatisha kuliko cha mita tatu kilicho peke yake uwanjani.

Mathenge, mti wa miiba uitwao pia prosopis, ni habari nyingine. Ikisongamana sana, kivuli chake huua nyasi, chini hubaki mchanga mtupu, na mara nyingi moto wa nyasi hufia ukingoni. Hatari iko pale mathenge na nyasi zinapochanganyika, na pale matawi yaliyokatwa yameachwa yakauke. Ukiipaka ramani yote ya hatari rangi nyekundu kwa sababu tu ni mmea vamizi, umewadanganya wenyeji.

Kupima unyevu, nenda kati ya saa saba na saa tisa mchana. Asubuhi umande hukupa jibu la uongo. Chukua matawi membamba kuliko kalamu ya risasi, maana hayo hukauka kwa muda mfupi mno. Mazito huchukua siku. Yaliyo hai yaweke mbali na yaliyokufa, kila fungu kwenye chombo kisichopitisha hewa (mfuko wa karatasi huvujisha unyevu njiani). Pima uzito, kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Tofauti igawe kwa uzito mkavu: gramu 180 zikibaki 120, unyevu ni asilimia 50. Kosa la kila mara ni kugawa kwa uzito mbichi.

Kisha tazama mbali. Lantana hupenda kingo: kando ya barabara, uani, mashamba yaliyoachwa. Na kingo ndizo zinazopata cheche, kwa sababu mashamba huchomwa kabla ya masika, na mienge ya warina asali na tanuri za mkaa ziko huko huko. Upepo wa bahari nao hukaza alasiri. Fuata mstari wa vichaka kutoka shambani hadi msituni, andika kila pengo lina mita ngapi na limejaa nini. Pengo la mchanga huzuia. Pengo la nyasi kavu halizuii kitu. Paa la makuti likiwa karibu, anza kufyeka hapo.

Usifyeke lantana usawa wa ardhi, itachipua kwa wingi zaidi. Fukua kidogo, kata mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo, kisha geuza shina mizizi iangalie juu. Mathenge huhitaji kukatwa chini zaidi, kama sentimita 10 au kupita. Fanya kazi hiyo kabla matunda ya lantana hayajawa meusi, kwani ndege huyala na kusambaza mbegu. Lundo lisiwekwe chini ya mti, wala lisichomwe papo hapo: moto huua miche ya asili, lantana ikarudi. Mvua za kwanza zikinyesha, rudi ung'oe miche kwa mkono ingali na urefu wa kidole.