Damu ya mtoto iko chini na maini hatuyawezi, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi dokta. Naishi Manzese, nina watoto watatu, baba yao anaendesha bodaboda na mimi nauza vitumbua asubuhi. Hela ya kula ni elfu saba kwa siku, ikizidi sana elfu nane. Mdogo ana miaka miwili na nusu, kliniki wamempima wakasema damu ni 9, wakampa dawa ya maji ya kuongeza damu na kuniambia nimpe maini, mboga za majani na matunda. Maini siyawezi, na matunda nikinunua fungu linaisha siku hiyo hiyo. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama, na umefanya vizuri kumpeleka mapema. Kwa umri wake damu inatakiwa ianzie 11 kwenda juu, kwa hiyo 9 ni upungufu wa kati na chakula peke yake kitachelewa kuipandisha, ile dawa mpe mpaka iishe kama walivyokuelekeza, choo kikiwa cheusi usiogope ni yale madini chuma ya kwenye dawa, ndiyo yanayotengeneza damu. Halafu waulize kama walimpima malaria na kama ameshapewa dawa ya minyoo, maana hivyo viwili vinaweza kumaliza damu ya mtoto hata awe anakula vizuri.

Sasa maini. Ukipata robo mara moja moja sawa, lakini usilale na mawazo kwa sababu ya maini, dagaa wakavu wapo. Madini chuma ya dagaa mwili unayachukua kirahisi kuliko ya mboga, tena dagaa akiwepo kwenye sahani anasaidia hata yale ya maharage na mchicha yaingie zaidi, ndio maana napenda viliwe pamoja. Chambua mchanga vizuri, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, twanga uwe unga, weka kwenye kopo lenye mfuniko na umtilie mtoto kijiko kwenye uji au mboga yake kila siku. Maharage yaloweke usiku kucha, yale maji umwage ndio upike, yanaiva haraka mkaa unapungua na ile asidi yake inayozuia madini chuma kuingia mwilini inapungua pia.

Jambo ambalo kinamama wengi hawaambiwi ni hili: madini ya kwenye mboga na maharage yanahitaji vitamini C ili yaingie vizuri mwilini, yaani ndimu kipande ukamulie kwenye mboga ikishaiva, au chungwa, au pera, au unga wa ubuyu (ule mweupe wa kawaida, siyo ubuyu wa rangi na sukari) ukoroge na maji yaliyochemshwa yakapoa. Na chai ya majani inafanya kinyume kabisa, inazuia. Najua asubuhi ni chai na vitumbua, nyumba nyingi ndivyo zilivyo, ila huyu mdogo mpe uji badala ya chai, na kwenye mlo wowote chai ikae mbali.

Magadi kwenye mboga acha, tafadhali. Yanalainisha kweli ila yanaua vitamini. Osha mboga kabla ya kukata, pika muda mfupi ukiwa umefunika, na maji yake usimwage. Kisamvu tu ndio tofauti, kile lazima kitwangwe na kichemke sana.

Kuhusu hela, kwa kweli fungu ndilo linalokumaliza. Kila fungu lina faida ya muuzaji wa mwisho na nauli yake ndani, anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote na hili linaniuma kila nikilifikiria. Hapo Manzese, soko la Mabibo siyo mbali, tafuta majirani wanne mnaoaminiana mchange mara moja kwa wiki, mmoja aende alfajiri achukue tenga la nyanya, machungwa na ndimu kwa jumla mje mgawane. Vinavyokaa ndio mnunue vya wiki, ndimu, machungwa, karoti, kabichi. Mchicha na matembele nunua ya siku hiyo, au matembele panda kwenye kiroba mlangoni, yanashika kwa kipande cha shina tu na ukichuma yanachipua tena. Tunda chagua la msimu, siyo lazima apple. Na ile soda au juisi ya pakti ya watoto, kama ipo, hela yake inatosha machungwa.

Sembe mkiweza badilisheni dona hata nusu kwa nusu, mtazoea.

Tarehe ya kurudi kliniki usiipite hata ukiona amechangamka, wampime tena, na wakikupa namba mpya niandikie nijue imefika ngapi.