Ulizeni habari za hereni kabla goti bandia halijaagizwa

Wadogo zangu mnaoanza kazi wadi ya mifupa mwezi huu, kuna swali moja nawaomba mlizoee tangu siku ya kwanza kliniki: "Mama, ukivaa hereni za bei rahisi, masikio yanakuwaje?" Tunatafuta ngozi inayokataa vyuma, maana kiungo bandia ni cha metali. Msiulize, "Una aleji?" Kwa wagonjwa wetu wengi aleji ni ya dawa au ya chakula. Watajibu hapana, nanyi mtaandika hapana.

Mimi niliandika hapana. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, goti la kulia limesagika hata kulala hawezi. Alisafiri na basi la usiku, na nyumbani walikuwa wameuza ng'ombe ili kulipia kiungo bandia. Asubuhi ya upasuaji, nilipomvua bangili, nikaona ngozi ya kifundo cha mkono imekuwa nyeusi na ngumu. Nikamuuliza. Akasema, "Hiyo ni ya siku nyingi, binti yangu. Vyuma vinaniwasha tangu usichana, masikio yalioza nikaacha hereni kabisa." Daktari akaahirisha. Trei ilikuwa na goti la kobalti na kromu peke yake, metali zinazoweza kuisumbua ngozi kama yake, na la namna nyingine lisingepatikana siku ile. Mama akapanda basi kurudi. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu nilimuuliza kwa neno ambalo si lake.

Nikeli ndiyo inayosumbua ngozi za watu kuliko metali nyingine, na wanawake zaidi, kwa sababu ya kutoboa masikio. Lakini msiishie kwenye hereni. Ulizeni bizimu ya mkanda, mgongo wa saa, kifungo cha suruali. Mwanamume akiwa fundi wa kujenga, tazameni mikono yake: saruji mbichi ina kromu, na mafundi wengi hupasuka viganja wakidhani ni ukali wa saruji tu. Viatu vya ngozi vinavyomtoa mtu vipele juu ya unyayo ni dalili hiyohiyo, maana ngozi nyingi hulainishwa kwa kromu. Na aliyewahi kuanguka na boda boda akawekewa sahani ya chuma mguuni, mwulizeni ilimkaaje. Chuma cha pua (kisichoshika kutu) cha sahani hizo huwa na nikeli zaidi ya asilimia 10, ilhali goti la kobalti halizidi asilimia 1. Kama alikaa nayo miaka bila shida, daktari atapenda kujua.

Kwa nyonga, kazi ni nyepesi. Shina linaloingia kwenye paja huweza kuwa la titani, kichwa kikawa cha kauri, kikombe cha titani chenye plastiki ngumu ndani. Hapo kobalti haimo. Vijana wetu wenye selimundu, ambao mifupa ya nyonga zao hufa mapema, wengi wanaweza kupata mpangilio huu.

Goti ndilo gumu. Sehemu inayofunika ncha ya paja husuguana kila hatua, na titani tupu ikisuguliwa hukwaruzika haraka, ndiyo maana kwa miaka mingi imetengenezwa kwa kobalti na kromu. Mbadala upo wa namna mbili. Moja ni metali ya zirkoni iliyochomwa kwenye hewa ya moto mpaka uso wake ukageuka kauri. Nyingine ni chuma kilichopakwa tabaka gumu la titani na naitrojeni. Zote huagizwa mapema, na bei yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo familia iambiwe mapema pia.

Kipimo cha plasta mgongoni, yaani kubandika plasta zenye metali kidogo ili kuona kama ngozi itawasha, kinasaidia, ila kinakula siku. Plasta hutolewa baada ya siku 2, mgongo husomwa tena siku ya 3 au ya 4, na kwa metali ni vizuri kuangalia hata siku ya 7 kwa kuwa huchelewa kujibu. Siku plasta ziko mwilini mgongo usilowe maji wala jasho. Anayetoka mbali atafutiwe pa kulala. Na mwulizeni kama anakunywa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na aleji, maana vidonge hivyo huficha majibu.

Sasa msikilize hili kwa makini. Kipimo kikijibu ndiyo, msimtishe mtu. Wengi wenye ngozi ya namna hiyo wamewekewa viungo vya kawaida na wanatembea vizuri, na madaktari wenyewe hawajakubaliana kwamba kila mtu apimwe. Na goti bandia likivimba au kuuma miezi baadaye, msikimbilie kusema ni aleji. Kwanza vidudu vitafutwe, kisha kulegea, kisha kama limekaa upande. Nimeona usaha ukisubirishwa kwa jina la aleji, na mguu uliteseka bure.

Kila boksi la kiungo lina karatasi za kunata zenye jina la metali na namba. Moja bandikeni kwenye faili, moja mpeni mgonjwa mkononi. Yule mama wa Arua alirudi, akawekewa goti la zirkoni, na karatasi yake huiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho cha taifa.