Dogo anapiga wenzake darasani, nimpeleke karate?

Dada pole, ila hiyo hofu kwamba mtoto wa miaka 8 anayepiga wenzake darasani akijua karate ndo atawaumiza kabisa, mi naona ni kinyume. Miezi ya mwanzo wala hapigi mtu, anafundishwa kuinama kusalimia, kukaa kwenye mstari, kusubiri mpaka asikie “hajime” ndo aanze, na akisikia “yame” ngumi inaishia hapohapo hata kama ilishatoka, sasa mtoto mwenye hasira za karibu si ndo anachokosa hicho? Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2004, watoto wa shule ya msingi walifundishwa taekwondo (mchezo wa kupigana wa Korea, ndugu yake karate) badala ya michezo ya kawaida kwa miezi mitatu, wakatulia darasani kuliko wenzao, na wavulana ndo walibadilika zaidi.

Ila sio kila klabu bana. Kabla hujalipa kaa pembeni uangalie kipindi kizima, ukiona mwalimu anachekelea watoto wakiumizana au anawapandisha mikanda (ndo ngazi za karate) fasta fasta ili mlipie mtihani, ondoka. Halafu kaongee na ticha wake wa darasa, maana unaweza kukuta dogo anaonewa huko na hasemi, hapo karate peke yake haitasaidia.